Watoto Ngomeni: Likizo za Agosti Ndani ya Fort Jesus

Mtoto wa Mombasa aweza kukua, akamaliza shule na kupata kazi, hajaingia Fort Jesus, ngome ya kale ya mji huu ambayo sasa ni makumbusho, hata mara moja. Hupita mbele ya lango akienda madrasa. Jioni za wikendi hula mihogo ya kukaanga na viazi karai karibu na ukuta. Mgeni akimuuliza njia ya kwenda ngomeni, humwonyesha bila kufikiri. Ila ndani, kwa anavyoona yeye, ni kwa watalii na kwa safari za shule, na hizo safari ama hazikumfikia kwa sababu ya pesa, ama zilimfikia akapitishwa mbio huku mwalimu akihesabu vichwa.

Jambo hili limeniuma kwa muda mrefu, mimi niliyesomesha shule za msingi za mji huu. Ndiyo sababu nilipofuatwa na wazazi wawili watatu waliokuwa wakitafuta mahali pa kuwaweka watoto wakati wa likizo, niliwaambia: tuwapeleke ngomeni, na tusiwapeleke kutembea, tuwapeleke kukaa. Tukampata kijana mmoja wa Mji wa Kale anayeongoza wageni, mama mmoja wa Kibokoni akakubali kutupikia mahamri na mbaazi, tukaomba ruhusa, tukalipa kiingilio cha wanafunzi, tukaingia na mikeka yetu. Tangu hapo tumekuwa tukirudi. Hatuna ofisi wala jina. Naandika haya kwa wale wanaofikiria kufanya kitu kama hiki kwao, iwe ni Lamu, Kisumu, Bagamoyo au Songea, popote palipo na makumbusho na watoto wanaokaa nyumbani likizo nzima wakitazama simu.

Kwanza msimu. Agosti ndiyo likizo yetu. Aprili ni masika, na mvua ikinyesha ua wa ngome haufai na ngazi za mawe huteleza. Desemba jua la kaskazi ni kali mno kwa mtoto wa miaka minane kukaa nje kuchora, na wageni ni wengi. Agosti upepo wa kusi unavuma, kivuli cha ukuta hudumu hadi karibu saa tano, na watoto hawachoki upesi. Hatuanzi kabla ya saa tatu, kwa sababu wa Likoni wana feri, na feri haina miadi na mtu. Saa saba huwa ni chakula, wanaoswali huenda na mkubwa msikiti wa jirani, wengine hucheza bao au kulala mkekani. Ijumaa tunafunga mapema. Mkubwa mmoja hachukui zaidi ya watoto wanane, kila mtoto ana mwenzake wa kushikana mkono getini, na hakuna anayepanda kwenye buruji, zile pembe za ngome zilizotokeza nje, bila mkubwa, maana kule juu ukiteleza chini ni mbali. Hayo nayasema upesi kwa kuwa mtu yeyote aliyelea watoto atayapanga mwenyewe. Kazi yenyewe iko kwingine.

Kazi yenyewe ni kunyamaza. Mtu mzima anapoingia na watoto mahali penye historia hutaka kusema kila anachokijua, tena pale pale mlangoni: ngome ilijengwa mwaka fulani, na fulani, kwa sababu fulani. Watoto huandika, hufunga daftari, na kichwa kikafungika pamoja nalo. Sisi tuliweka sharti moja tangu mwanzo, kwamba macho yatangulie. Mtoto aone, apime, aguse kinachoruhusiwa kuguswa, aulize, abishane na mwenzake, na tarehe ije mwisho, akiwa ameshaitamani. Sharti hilo ndilo lililobeba kila kitu tulichofanya, na ni gumu kwa mwalimu kuliko kwa mtoto.

Siku ya kwanza huwa ni ya ukuta. Ukuta peke yake, asubuhi nzima. Tunawagawa watoto makundi na kuwaambia waupime, na rula hatuwapi. Tunawapa vipimo walivyotumia mababu: shibiri, mkono, wari, pima. Shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, mkono ni kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, mikono miwili ni wari, na pima ni mikono yote miwili iliyonyooshwa kushoto na kulia, mikono minne. Wanajipanga wamebandika mashavu ukutani, wa kwanza anaweka alama ya chaki chini mchangani, wa pili anaendelea. Majibu yanatofautiana, na kelele zinaanza. Kundi la gredi ya saba limepata pima chache, kundi la gredi ya tatu limepata nyingi, ukuta ni ule ule. Hatuwaamui. Baada ya muda mtoto mmoja husema, "Mwalimu, ni kwa sababu yeye ana mikono mirefu." Hapo ndipo mtu aweza kuwaeleza kwa nini mnunuzi wa nguo zamani alikuwa radhi apimiwe na mtu mrefu, na kwa nini serikali na wafanyabiashara wakataka kipimo kimoja kwa wote. Hawatakisahau kisa hicho, kwa kuwa ugomvi wenyewe ulikuwa wao.

Kisha wanausogelea ukuta kwa macho. Tunawaambia kila mmoja atafute kitu ambacho mwenzake hajakiona. Binti wa gredi ya nne akapiga kelele kwamba ndani ya jiwe kuna maua. Alikuwa ameona matumbawe, ile mistari yao midogo inayotoka katikati kama jua. Wote wakaja mbio. Mtoto mwingine akaona gamba la kombe. Maswali yakaanza kumiminika: Bahari ilifika hadi hapa? Mawe haya yalitoka baharini? Nani aliyatoa? Aliyabeba vipi? Kwa kundi moja tulibahatika kumpata fundi mwashi mzee aliyewahi kukarabati nyumba za Mji wa Kale, akaja na donge la chokaa na kipande cha tumbawe kikavu. Akawaeleza jinsi tumbawe likitoka majini lilivyo laini kukatwa, na likikauka linavyokuwa gumu. Akawaonyesha kwa vijiti jinsi magogo yanavyopangwa duara, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa hadi mawe yakageuka meupe, na rundo likaachwa linywe unyevu hadi liwe unga wa chokaa. Chokaa hiyo ikichanganywa na mchanga ndiyo iliyoshika mawe haya. Bahari ilitoa jiwe, na bahari hiyo hiyo ikatoa kinachoshika jiwe kwa jiwe. Watoto walimuuliza maswali mengi kuliko waliyoniuliza mimi mwaka mzima darasani, naye alijibu kila moja kwa subira, akiwaita "wanangu".

Ni baada ya hapo tu, saa ya chakula ikikaribia, ndipo kijana wetu alipowaambia: kazi ilianza 1593, aliyechora ramani ni Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno, na kufikia 1596 ngome ilikuwa imesimama. Akawatandikia ramani yake. Wakaona umbo la mtu aliyelala: kichwa kuelekea baharini, mikono na miguu ndizo buruji. Bila kuambiwa, wakatoka uani wakajilaza chini kwa makundi kuunda umbo lile, na mmoja wao akasimama juu ya ngazi kuwasahihisha. Juu ya lango la ndani kuna maandishi ya kuchongwa kwenye jiwe yanayomtaja Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome 1635 akiwa na miaka 27. Umri huo uliwashangaza kupita mwaka wenyewe. "Ni mdogo kwa mjomba wangu," alisema mmoja, na tangu hapo kapteni yule akawa mtu.

Nimejifunza kwamba mtoto hushika historia kupitia umri, chakula, maji, choo na woga. Swali la choo lilikuja siku ya kwanza kwa kila kundi, na ni swali zuri. Watu wengi namna hii, ndani ya kuta, walienda haja wapi? Ukilifuata swali hilo kwa moyo mweupe unafika kwenye maradhi, na ukifika kwenye maradhi umeshafika kwenye mzingiro mkubwa wa ngome hii, bila kubadilisha somo.

Mzingiro ule, wa Waarabu wa Oman dhidi ya Wareno, ulianza tarehe 13 Machi 1696 na ukaisha tarehe 13 Desemba 1698. Miezi thelathini na mitatu. Niliwaambia watoto wa gredi ya nne wahesabu: ukifungiwa leo, utatoka ukiwa umeshaingia gredi ya saba. Walinyamaza. Tukawapa zoezi. Kila kundi lilipewa orodha ya akiba, mchele, mtama, samaki wa chumvi, maji ya birika la mvua, na orodha ya watu: askari, wanawake, watoto, wagonjwa, watumwa. Nani anakula nini, na meli ya msaada ikichelewa mwezi mmoja zaidi, mnapunguza wapi? Hakuna kundi lililofika mwisho bila machozi au hasira. Kundi moja liliamua askari wale kwanza, na msichana mmoja akasimama kuuliza kama askari atapigania nini ikiwa watoto wote wamekufa. Kundi jingine liliwaweka watumwa mwisho, kisha mvulana mmoja akauliza kwa nini, na hakuna aliyeweza kumjibu. Nililiacha swali lile hewani hadi kesho yake.

Vitabu vya shule hukisimulia kisa hiki kama vita vya Wareno na Waarabu wa Oman, na mtoto wa Mombasa hubaki akijiuliza watu wake walikuwa wapi. Walikuwa pande zote mbili. Wapo waliokuwa pamoja na Waomani, na wapo waliokuwa ndani ya ngome. Mwishoni mwa Agosti 1697, makapteni wa Kireno walipokuwa wameisha kwa maradhi, aliyeishika ngome kwa wiki kadhaa alikuwa Bwana Daud wa Faza, hadi msaada ulipofika Septemba. Mwafrika, Mwislamu, wa kisiwa cha Pate, ndani ya ngome ya Wareno, akiwazuia Waomani. Nilipowasimulia hilo, mvulana mmoja aliyekuwa hajafungua mdomo tangu aje aliinua mkono na kusema nyanya yake ni Mfaza. Kesho yake alikuja na karatasi iliyojaa. Nyanya alikuwa amemtajia Tisa Taifa na Thalatha Taifa, mataifa kumi na mawili ya Mombasa, na Wafaza wamo katika yale tisa. Aliyasoma yote kwa sauti, Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, hadi Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na kila jina lililofanana na kituo cha matatu wenzake walilipigia makofi.

Meli iliyotumwa kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, kuja kuiokoa ngome, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya kuta hizi mwaka 1697. Wataalamu walizamia kuichunguza kati ya 1977 na 1980, na vitu walivyotoa viko ngomeni. Hapa tunafanya jambo ambalo wageni wengi huliona la ajabu: kila mtoto huchagua kitu kimoja, kimoja tu, na kukichora kwa saa nzima. Dakika kumi za mwanzo ni za kulalamika kwamba amemaliza. Unamwambia, bado, tazama tena. Baada ya hapo ndipo anaona ufa kwenye mtungi, alama ya kidole cha mfinyanzi, upande mmoja uliopauka kuliko mwingine. Anaanza kuuliza kwa nini. Makumbusho yana vitu vingi, na mtoto aliyevipita vyote hutoka mikono mitupu. Aliyekaa na mtungi mmoja hutoka na mtungi. Siku hizi mzazi akiniuliza kwa nini watoto hawakuonyeshwa kila chumba, hilo ndilo jibu langu na silibadilishi.

Kuna michoro ya ukutani ambayo askari wa Kireno waliichora kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu. Imehifadhiwa vizuri. Mtoto mmoja akasema, "Sisi tukichora ukutani twagombezwa, na hawa mbona wamehifadhiwa?" Niliwarudishia wenyewe. Walijadiliana hadi chakula kikapoa. Mmoja alisema kwa kuwa ni ya kale. Mwingine akasema hata yake itakuwa ya kale akingoja. Wa tatu, binti mdogo kabisa wa kundi, akasema yule askari alikuwa amechoka kukaa na alikuwa akikumbuka kwao, ndiyo maana akachora meli. Sijapata kusikia mtu mzima akiieleza michoro ile vizuri zaidi.

Kisa wanachokipenda kuliko vyote ni cha Yusuf bin Hasan, kwa sababu kinaanza na mtoto. Babake, Sultani wa Mombasa, aliuawa 1614 kwa njama za Wareno. Yusuf, angali mdogo, akapelekwa Goa, akalelewa na watawa, akabatizwa na kupewa jina Jerónimo. Akarudishwa 1626 kuwa mfalme wa mji aliotolewa utotoni. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaishika ngome na kurudi katika dini ya wazazi wake. Mwaka uliofuata manowari zilikuja kutoka Goa zikashindwa kumtoa, lakini hakukaa. Aliondoka mwenyewe kwa meli, na Wareno wakarudi. Watoto huuliza maswali ambayo wanahistoria wangeyaheshimu. Alipokuwa Goa alikuwa akiota kwa lugha gani? Aliporudi, nani alimtambua? Alikuwa mbaya? Hilo la mwisho hulisubiri nilijibu, nami siwajibu upesi, kwa sababu katika mauaji yale ya 1631 walikufa pia wanawake na watoto, na mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kubeba ukweli huo akiambiwa kwa upole na akapewa nafasi ya kusema anavyohisi. Siamini katika kuwafichia. Wanaishi katika mji ambao mambo magumu yametokea, na huyasikia nyumbani nusunusu.

Hapo ndipo tuliporudi kwenye swali la watumwa. Niliwaambia wazi kwamba kuta hizi ziliona watu walioletwa kwa nguvu, chini ya kila bendera iliyopepea hapa. Mtoto mmoja anayekaa Kisauni nikamuuliza hupita wapi akija mjini. Akasema Kengeleni. Kwa nini panaitwa Kengeleni? Kwa sababu kuna kengele, Mwalimu. Akili yake ilikuwa haijafika zaidi ya hapo, na ya wenzake vilevile, ingawa huipita kila siku. Nikawasimulia juu ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Anglikana 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, na kengele iliyogongwa kuwatahadharisha hatari ilipokaribia. Wajukuu wa watu wale wako hapa hapa Mombasa. Yule mtoto wa Kisauni alitaka tuondoke tukaione papo hapo.

Sasa niseme juu ya mkeka, kwa kuwa hicho ndicho kitu ambacho ningemsihi kila mtu akichukue hata akiacha mengine yote. Vitu vya makumbusho havishikwi, na ni sawa visishikwe. Mikono ya watoto nayo inataka kazi. Basi katikati ya juma kila mtoto huja na kitu kimoja cha kale kutoka nyumbani kwao, kwa idhini ya mwenyewe, na tunatandika mkeka mrefu uani. Kwanza vitu vinakaa bila jina. Kila mtoto huchukua kitu cha mwenzake na kukikisia: kimetengenezwa kwa nini, kilitumika wapi, kimechakaa upande gani na kwa nini upande huo. Tumepata mbuzi za kukunia nazi zenye meno yaliyolika, vifumbu, kata za kifuu, vyetezo, mirashi, kanga zilizopauka hadi maandishi hayasomeki, redio ya betri, pasi ya makaa. Halafu mwenye kitu huandika kadi yake, mistari minne tu: ni nini, kimetengenezwa kwa nini, nani alikitumia, kilifikaje nyumbani kwetu.

Mstari wa nne ndio unaofungua nyumba. Mtoto hawezi kuujibu peke yake, lazima akaulize, na mtu mzima aliyeulizwa huanza kusimulia. Mama mmoja alinipigia simu usiku kuniambia mkwewe amesimulia habari za safari ya jahazi ambazo mwanawe mwenyewe, mume wake, hajawahi kuzisikia. Mvulana wa Changamwe alikuja na kibuyu, akakificha nyuma ya mgongo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao si watu wa hapa, kwao ni Kitui, kwa hiyo labda kitu chake hakifai. Nilimshika mkono tukaenda kukiweka katikati ya mkeka. Babu yake mkubwa alikuja kufanya kazi ya reli. Reli ile ilianza kujengwa kutoka mji huu 1896, na wangapi kati yetu hawana mtu wa reli, au wa bandari, au wa jahazi, au wa shamba, aliyekuja kutoka kwingine? Kadi yake ndiyo ndefu kuliko zote tulizowahi kupata. Mtu anayeendesha kambi ya watoto kwenye makumbusho ya mji ana wajibu huu kwanza, wa kuhakikisha hakuna mtoto wa mji huo anayeondoka akidhani historia ya mji ni ya jirani yake.

Habari ya jela hatuisomi popote, tunaisikia. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni, na baada ya matengenezo ikafunguliwa kuwa makumbusho 1960. Wako wazee wanaoikumbuka. Mmoja wao, jirani, huja na fimbo yake, akaketishwa kivulini, na watoto wakamzunguka. Huwaambia jinsi walivyokuwa wakikatazwa kusimama karibu na ukuta, na jinsi walivyosikia sauti wasizoweza kuona zatoka kwa nani. Watoto humwita babu, humletea maji, na humuuliza moja kwa moja, "Babu, waliofungwa walikuwa wabaya?" Naye huwajibu kwamba wapo waliokuwa wezi, na wapo waliofungwa kwa kutolipa kodi ya kichwa au kwa kusema jambo ambalo mzungu hakulipenda. Kisha huwauliza wao: na leo? Nimemwomba aje kila mwaka maadamu afya inamruhusu, na tumeanza kumrekodi kwa idhini yake na ya wanawe. Tulichelewa kwa wengine. Hilo linanisumbua, na ningependa wenye kambi kama hizi wasingoje.

Wazazi nao wana matarajio yao, na siwalaumu. Huuliza karatasi za maswali ziko wapi, mtoto amepata alama ngapi, atapata cheti? Hatutoi cheti wala hatusahihishi kwa kalamu nyekundu. Badala yake, alasiri ya mwisho watoto ndio wanaowaongoza wazazi. Kila mtoto ana mahali pake pamoja na kitu chake, na mzazi haruhusiwi kusaidia. Nimemwona baba wa watu, dereva wa tuktuk aliyewaleta watalii hapa miaka nenda miaka rudi akiishia langoni, akisimamishwa na bintiye mbele ya ukuta na kuambiwa apime pima tano. Akapima. Akaambiwa atafute ua ndani ya jiwe. Akatafuta hadi akaliona. Alibaki pale na binti yake wengine wakiwa wameshafika uani, na alipokuja kunishika mkono alitaka kujua kama Desemba tutafanya tena na kama anaweza kuja na wapwa zake.

Pesa ndiyo inayotubana. Kiingilio cha watoto si kikubwa, lakini ukijumlisha chakula, nauli ya wa mbali, karatasi na penseli, familia yenye watoto watatu hulemewa. Tunachofanya ni kuwaambia wazazi gharama halisi ya mtoto mmoja na kumwachia mwenye uwezo alipe ya wawili, kimya kimya, bila orodha kubandikwa. Mama wa Kibokoni hupika kwa bei ya viungo tu. Fundi na babu hatuwezi kuwalipa wanavyostahili, ila nauli na chakula hawakosi. Ningekuwa na mamlaka, ningeomba kila kaunti yenye makumbusho itenge siku chache za likizo kwa watoto wa hapo kuingia bure, pamoja na mlezi mmoja kwa kila kikundi. Ni kitu kidogo, na faida yake haitapimika kwa tiketi.

Desemba jua litakuwa kali na ngome itajaa wageni, kwa hiyo hatutakuwa ngomeni. Tutakuwa Kengeleni asubuhi tu, saa mbili hadi saa tano. Mtoto wa Kisauni ndiye kiongozi wetu. Ameshazungumza na mzee wa mtaa, amemuuliza nyanya yake na majirani, ameandika maswali kumi na mbili, na lile la tisa ni hili: kengele ilipogongwa, watoto walikimbilia wapi? Nimemwambia sina jibu, atafute, na akilipata asiniambie mimi kwanza, awaambie wenzake.